Land Rover ya Mwaka Gani? Kutambua Matoleo ya Mwanzo Meru na Embu

Ukiuliza umri wa Land Rover yoyote kuukuu kuanzia Runyenjes hadi Maua, jibu utakalopewa ni moja: hii ni ya mkoloni. Mwenye gari husema hivyo, jirani yake husema hivyo, na makanika aliyelala chini ya gari huitikia kutoka huko huko. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi gari hilo lilitoka kiwandani miaka ya sabini, Mzee Kenyatta akiwa Ikulu, na kinacholizeesha ni vumbi, rangi iliyopakwa kwa brashi, na taa mbili zilizong'olewa kwenye gari jingine.

Swali hili lina pesa ndani yake. Anayeagiza vipuri vya 1964 kwa gari la 1974 amepoteza nauli na muda. Anayeuza toleo la mwanzo bila kujua analo nini analiachia kwa bei ya chuma chakavu. Na Nairobi wapo watu wanaojua: maonyesho ya Concours d'Elegance yamekuwapo tangu 1970, mashindano ya East African Safari Classic tangu 2003, na soko la magari ya zamani lililokua kando yake lina macho hadi vijijini. Mnunuzi wa aina hiyo akifika Nkubu au Kiritiri, kati yake na mwenye gari kuna mmoja tu anayejua anachokitazama.

Hoja yangu ni kwamba gari kuukuu la pande hizi limetengenezwa zaidi ya mara moja. Kwanza kiwandani Ulaya. Baadhi yakaunganishwa Thika. Kisha yote, bila kubagua, yakatengenezwa tena na tena katika garaji za jua kali. Kila awamu imeacha alama zake, na makosa mengi ya utambuzi hutokea mtu anaposoma kazi ya fundi wa Makutano kana kwamba ni kazi ya Solihull, kiwanda cha Land Rover Uingereza.

Kabla ya alama zenyewe, tuone kwa nini magari haya yapo hapa. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Land Rover ya miaka ya hamsini unayoikuta leo Chuka au Siakago haikuletwa juzi na mfanyabiashara wa bandarini. Ililetwa ikiwa mpya au karibu mpya, ikatumika na serikali, misheni, mwalimu mkuu au mwenye shamba, halafu ikashuka ngazi kwa ngazi hadi ikawa gari la kubeba kuni. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Embu na Meru zikiwa ndani ya eneo la vita vya Mau Mau, polisi na watawala walihitaji gari la kupanda matope ya Mlima Kenya. Misheni zilikuwa na haja hiyo hiyo: hospitali ya Chogoria ilianzishwa 1922 na ya Maua 1928, na barabara ya lami haikuonekana huko kwa miongo mingi. Hata sasa Chogoria ina Land Rover za zamani ambazo kazi yake ni kuwapandisha wapanda mlima karibu kilomita 30 za njia ya msitu hadi lango la hifadhi. Gari linaloweza kupata kazi hiyo haliwekwi makumbusho.

Sasa kiwandani. Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawiwa kwa kibali, na ndugu wawili wa kampuni ya Rover, Maurice na Spencer Wilks, walitaka gari la shambani la kuzibia pengo la miaka michache tu hadi biashara ya saluni itengemae. Bodi ilifanywa ya aloi ya alumini kwa sababu mabati ya chuma hayakupatikana kirahisi. Shasi ilikuwa ya chuma, vipande bapa vilivyochomelewa vikawa sanduku refu. Kumbuka mgawanyo huo, alumini juu na chuma chini, kwa sababu ndio unaoeleza karibu kila kitu kilichotokea baadaye kwenye garaji zetu.

Gari lililodhaniwa la muda halikusubiri mwaka mpya ili lirekebishwe. Kitu kikionekana kibaya kilibadilishwa, na magari yaliyofuata yakatoka hivyo. Ndiyo maana miaka mitano ya kwanza ina tofauti nyingi kuliko ishirini iliyofuata. Magari ya 1948 hadi mapema 1950 yana taa kubwa zilizofichwa nyuma ya wavu wa grili, kisha wavu ukatobolewa ili vioo vya taa vijitokeze. Hadi 1950 magurudumu yote manne yalivutwa muda wote, pakiwa na kifaa kilichoiacha ekseli ya mbele izunguke huru dereva anapoinua mguu kwenye mafuta. Kifaa hicho kilifungwa kwa kuvuta pete iliyo sakafuni. Baada ya hapo ukaja mpango ambao madereva wetu wanaufahamu hadi leo: kirungu cha manjano cha kuingiza magurudumu ya mbele, na chekundu cha gia nzito. Milango ya mwanzo haikuwa na kipini kwa nje, ulipenyeza mkono ndani ili ufungue. Injini ilianza na lita 1.6, na mnamo 1951 na 1952 ikawa lita 2.0. Rangi ilikuwa kijani tu, kwanza hafifu, baadaye iliyokolea. Anayekuambia kwamba Land Rover yake ya 1948 ilitoka kiwandani ikiwa nyekundu amesikia hadithi njiani.

Kati ya alama hizo, ipi ya kuaminiwa hapa kwetu? Wavu wa grili hutoka kwa bisibisi. Injini hutoka kwa winchi na mchana mmoja. Rangi usiizungumzie. Lakini pete ya sakafuni na mfumo wake wote viko ndani ya kasha la gia, na hakuna fundi wa Embu aliyewahi kuwa na sababu ya kuvirudisha kwenye gari lililokuja bila hivyo. Kanuni ya kwanza ninayoifuata ni hiyo: amini kile ambacho fundi hakuwa na faida yoyote kukibadilisha.

Kipimo kinachofuata hakihitaji utaalamu, ni futi kamba ya fundi cherehani au ya mjenzi. Land Rover zilipewa majina kwa inchi, yaani umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha gurudumu la nyuma. Ya kwanza ilikuwa inchi 80, takriban sentimita 203, na ilidumu hadi 1953. Matoleo ya 1954 yakawa inchi 86 kwa fupi na 107 kwa ndefu. Mwaka 1956 zikaongezwa inchi 2 kwa kila moja, zikawa 88 na 109, ili kupata nafasi ya injini ya dizeli iliyotoka 1957. Stesheni wagoni ya inchi 107 peke yake iliendelea na kipimo chake cha zamani hadi 1958. Tangu hapo 88 na 109 hazikubadilika tena kwa zaidi ya robo karne.

Inchi hizo 2 ziliwekwa mbele, kati ya ekseli na ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva. Ukikuta 86, unajua uko kati ya 1954 na 1956 bila kumuuliza mtu. Ila pima pande zote mbili. Springi zilizolala, au ekseli iliyofungwa na fundi mwenye haraka, huweza kula nusu inchi upande mmoja, na nusu inchi ni robo ya tofauti unayoitafuta. Vipimo vya kushoto na kulia vikipishana, lipeleke gari kwenye sakafu ya saruji, magurudumu yanyooke, uanze upya.

Matoleo hayo yote ya mwanzo huitwa Series I. Series II ilikuja 1958. Mchoraji David Bache aliupa ubavu wa gari uvimbe kidogo chini ya madirisha, wakati Series I ina ubavu ulionyooka kama ubao. Huo uvimbe ni alama nzuri kwa sababu hakuna makanika anayehangaika kuunda ubavu mpya mzima, atagonga ule uliopo. Mtego upo kwenye injini. Series II ilitangazwa na injini mpya ya petroli ya lita 2.25, lakini kiasi cha magari 1,500 ya mwanzo, yale mafupi, yalitoka na injini ya zamani ya lita 2.0. Ukikuta gari lenye uvimbe wa Series II na injini ya Series I, fundi wa kawaida atasema injini ilibadilishwa. Huenda ni kweli. Huenda pia umesimama mbele ya moja ya matoleo adimu kabisa ya mwanzo, na namba ya shasi peke yake ndiyo itakayoamua.

Series IIA ilifuata Septemba 1961, na kwa macho haiachani sana na mtangulizi wake. Kwa hapa Meru nina njia ya kupima picha za zamani ambayo sijaona ikitumika sana. Simba jike Elsa, aliyelelewa na George na Joy Adamson na kuachiwa huru kando ya mto Ura, alikufa Januari 1961, na kaburi lake liko ndani ya eneo ambalo baadaye likawa Hifadhi ya Taifa ya Meru. Picha za Elsa akiwa juu ya paa la Land Rover zimezunguka dunia. Basi gari lolote lililomo pichani pamoja naye haliwezi kuwa IIA, maana IIA haikuwapo bado. Ni Series I au Series II. Wapo watu wanaoonyesha gari lenye taa kwenye mabawa wakidai ni la zama za Elsa. Taa zilihamia mabawani mwaka 1968 kwa baadhi ya nchi, na 1969 kwa zote.

Hata hivyo taa hizo ndizo shahidi dhaifu kuliko wote. Mabawa ya mbele ya Series II, IIA na III hupokezana bila ugomvi mkubwa. Gari likigongana na lori la mchanga Mwea, linavalishwa bawa lililopatikana, na lililopatikana mara nyingi ni la Series III. Nimeona IIA yenye bawa la kulia la 1971 na la kushoto la 1965, taa moja bawani na nyingine kwenye grili. Mtu wa Solihull angechanganyikiwa, ila gari lenyewe lilipakia ndizi likaondoka. Mambo ya umeme nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1967 kiwanda kiligeuza nyaya ili hasi ndiyo iende kwenye bodi badala ya chanya, jambo ambalo kwenye karatasi lingekuwa mpaka safi. Lakini kila aliyewahi kutaka redio au altaneta alizigeuza nyaya mwenyewe.

Series III ilipoingia mwaka 1971 ilileta grili ya plastiki, dashibodi iliyohamia mbele ya dereva kutoka katikati, na gia zote nne za kwenda mbele zinazoingia bila kulazimishwa. Wavu wa chuma wa matoleo ya awali ulikuwa na sifa nyingine duniani kote: ulitosha kabisa kuchoma nyama. Sitashangaa ikiwa baadhi ya grili zinazokosekana kwenye IIA za Tharaka zinafahamu mbuzi kuliko redieta.

Hapo ndipo Thika inapoingia. Katikati ya miaka ya sabini serikali ilitaka magari yaunganishwe nchini, na vikaanzishwa viwanda vitatu: Leyland Kenya mjini Thika, Associated Vehicle Assemblers Mombasa, na General Motors Nairobi. Leyland ilianzishwa 1974 na magari yakaanza kutoka miaka michache baadaye, Land Rover zikiwamo. Sasa piga hesabu. Kufikia wakati huo Series III tayari ilikuwa na umri wa miaka kadhaa. Kwa hiyo Land Rover ya Thika ni Series III au ya baada yake, na neno la muuzaji kwamba anayo Series II ya Thika linajipinga lenyewe. Hesabu ya nusu dakika, lakini imewahi kuokoa pesa za watu.

Namba za shasi zinasaidia zaidi kuliko simulizi. Kwa IIA fupi ya petroli, namba inayoanza na 241 ni ya soko la Uingereza, 242 ni ya kusafirishwa nje ikiwa na usukani wa kulia, na 243 ni ile iliyofungashwa vipande vipande ili iunganishwe mwisho wa safari. Mwishoni mwa namba pana herufi. Herufi hiyo huonyesha mabadiliko ya kiufundi yanayomhusu mtu anayeagiza vipuri, na kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo gari lilivyo la baadaye. Kwa Series I za mwaka 1950 hadi 1953 tarakimu ya kwanza ndiyo mwaka wa modeli: 0 kwa 1950, 1 kwa 1951, na kuendelea. Neno "modeli" lina uzito, maana kiwanda kilianza kutoa modeli ya mwaka unaofuata kabla mwaka wenyewe haujaisha.

Kuiona namba ni kazi ya mikono. Kuanzia Series II imegongwa kwenye kikono cha springi ya mbele upande wa kulia, karibu na bampa, mahali ambapo udongo mwekundu na grisi vimekutana kwa miaka 50 vikawa kitu kigumu kama lami. Omba ruhusa kwanza, maana mtu akikuona umepiga magoti unakwangua shasi yake atadhani wewe ni askari au mwizi. Kwangua tabaka la juu kwa kijiti, si bisibisi. Lowesha mafuta taa, subiri, kisha brashi ya waya taratibu. Usithubutu kutumia msasa wala grainda, kwa sababu tarakimu zenyewe hazina kina cha kutosha kuvumilia. Zikianza kuonekana, washa tochi ya simu uimulike kutoka ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya kila tarakimu, ama paka chaki uifute juu juu, nyeupe ibaki kwenye mikwaruzo. Piga picha hapo hapo. Halafu linganisha na bamba lililo ndani ya kabini. Zikilingana, umepata nanga ya kufungia mengine yote. Zisipolingana, kuna jambo, na si lazima liwe baya.

Mara nyingi jambo lenyewe ni kutu. Jiografia ya mlima huu inagawa magari kuliko mwaka wa kutengenezwa. Juu, kuanzia Manyatta na Kibugu hadi mashamba ya chai ya Imenti na Igembe, mvua na matope hujaa ndani ya sanduku la shasi na kukaa. Shasi huoza kutoka ndani, na ukuta wa kabini huoza miguuni mwa dereva na kwenye bawaba. Bodi ya alumini haina habari. Unapata gari lenye ngozi ya 1956 juu ya mifupa ya 1972, kwa kuwa mwenyewe alinunua shasi ya pili badala ya kutupa bodi nzuri. Chini, Mbeere na Tharaka na njia ya kwenda Isiolo, ukavu huihifadhi shasi lakini vumbi hula injini. Huko hesabu hugeuka: mifupa ya asili, moyo wa kuazima, mara nyingi dizeli ya Isuzu, Nissan au Toyota. Kwa hiyo anayetafuta toleo la mwanzo lenye namba zake kamili, mimi ningemwelekeza ateremke kwanza, asidanganywe na magari yanayong'aa ya juu.

Alumini imeleta hasara nyingine. Chuma cha Land Rover hakikuwa na thamani kubwa kwa mtoza chakavu, lakini bodi yake huyeyuka vizuri, na sufuria zimetoka humo. Serikali iliposimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, nia haikuwa kulinda magari ya kale. Ila kila bodi iliyoepuka mizani katika miezi hiyo ni ushahidi uliobaki.

Peugeot nitaipitia kwa haraka, ingawa kwa wachuuzi wa miraa ndiyo gari la heshima. Kabla ya Hilux kutawala barabara ya Maua kwenda Nairobi, 404 na 504 ndizo zilizokimbizana na saa ili majani yasinyauke. Jina la 404 lilijengwa kwenye Safari Rally, iliyoishinda mwaka 1963 na tena miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Ilitoka 1960, mchoro wa Pininfarina, injini imelazwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Kwa 504 kuna mtego unaofanana na ule wa Series II. Gari la kwanza, la 1968, lilikuwa na injini ya lita 1.8, na miaka michache baadaye ikapanda hadi lita 2.0, hivyo watu husema 1.8 ni ya mwanzo. Lakini mwaka 1973 Peugeot ilitoa 504 L ya bei nafuu ikiwa na 1.8 tena. Tofauti iko chini kwa nyuma: saluni ya mwanzo ina magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, L ina ekseli nzima iliyoshikana. Piga jeki, tazama. Kuhusu pikapu za 504, ambazo Kenya iliendelea kuziunganisha hadi karne hii, sifikirii kuna haja ya kuzisaka kama matoleo ya mwanzo. Zilifanywa nyingi, zikachoshwa, na bado zipo kazini.

Yanabaki makaratasi. Logbook husema mwaka, na watu huuamini kama neno la msahafu. Shida ni kwamba magari mengi ya pande hizi yalianza na sahani za serikali, za GK. Yalipochoka yakapigwa mnada, na mnunuzi akayasajili upya kama raia, kwa namba za siku hiyo. Sahani zenye herufi ya mwisho, kuanzia KAA, zilianza 1989. Gari lenye sahani ya namna hiyo linaweza kuwa lilitengenezwa miaka 25 kabla, na gari lenye sahani ya zamani ya herufi tatu na tarakimu tatu linaweza kuwa limebaki na sahani tu, vingine vyote vikiwa vya watu wengine. Sahani inaonyesha siku gari lilipopita mbele ya karani.

Simulizi za wenye gari sizidharau. Anayesema gari lilikuwa la misheni mara nyingi ana jina la padri au daktari, na jina lina miaka yake, na miaka hiyo inaweza kupimwa dhidi ya namba ya shasi. Anayesema lilikuwa la DC kwa kawaida hana jina. Picha za harusi ni bora kuliko vyote viwili: zina tarehe nyuma, na bibi harusi kwa bahati nzuri huegemea bawa la mbele, pale pale tunapotaka kuona taa.

Kuna kundi moja ambalo wakusanyaji hulikwepa, na mimi naona wanakosea. Ni gari lenye ukuta na bamba la Series II ya 1959, shasi ya IIA, mabawa ya Series III na dizeli ya Kijapani. Mnunuzi wa Nairobi humshauri mwenyewe avue kila kisicho cha 1959 na kuagiza cha asili kutoka Uingereza. Nyumbani kwao Uingereza vipuri hivyo vipo, vipya kabisa, kwa mtu mwenye pesa. Kitu ambacho hakiagiziki ni vikono vya springi vilivyofuliwa upya kwa reli ya zamani, kiraka cha alumini kilichopigiwa ribiti kwa mkono, tangi la mafuta lililoundwa kwa mtungi. Hizo ni tofauti za uzalishaji pia, za kiwanda kisicho na jina, na nyingi zimefanywa kwa ustadi kuliko unavyotarajia. Ningezibakiza na kuziandika.

Kuandika kwenyewe ni kazi ya karatasi moja: shasi ya toleo gani na namba yake, ukuta wa toleo gani, injini ipi na lini ilibadilishwa, mabawa, giaboksi, kila kimoja na jinsi kilivyojulikana, kwa namba, kwa futi kamba au kwa maneno ya mwenye gari. Injini ikiwa imebadilishwa, mamlaka ya usafiri, NTSA, inapaswa kuarifiwa ili logbook ilingane, na hilo huepusha usumbufu siku ya kuuza. Bamba la kabini lisihamishwe kwenda shasi nyingine ili gari lionekane kamili. Huko ndiko ukusanyaji unakogeuka jinai, hata kama namba zote mbili ni za kweli. Picha ya namba ya shasi ipigwe kabla ya rangi mpya kupakwa, kwa sababu fundi wa rangi akimaliza kazi yake kikono kile cha springi huwa kimejaa rangi nyeusi hadi ukingoni.